Kitanda Nilichokisaini Bila Kukiona

Jamani! Nimelala kwenye kitanda cha zahanati ya watu, bega wazi, limepakwa jeli… na ubavuni mwa kitanda naona namba ya mali ya hospitali ninayofanyia kazi!

Nisikilizeni. Nina hasira!

Mimi ni mpiga ultrasound, mwaka wa tisa huu. Kitanda chetu ni lichuma la zamani, halipandi wala halishuki. Wajawazito wanalipanda kwa stuli. Mimi nasimama nimejipinda, mkono unaning'inia hewani, wagonjwa thelathini kwa siku.

Bega likaanza kuuma. Vidole vikaingia ganzi. Siku moja kifaa kikaniponyoka juu ya tumbo la mama wa watu!

Mara tatu niliomba kitanda cha kupanda na kushuka. Bosi akanijibu:

"Kitanda unacho. Acha visingizio. Mwisho wa mwezi ukiwa bado unasuasua, nafasi yako anapewa mwingine."

Nikadhani anasema lile lichuma.

Aliyenifariji ni mmoja tu, mtunza stoo wetu, Mama Pacha. Kila mchana ananikanda bega kwa mafuta aliyonunua mwenyewe.

"Pole shoga yangu. Hawa mabosi hawana utu."

Mpaka machozi yanamlengalenga!

Sasa, hospitalini mpigaji ni mimi peke yangu, na siwezi kujipima. Nikaenda zahanati ya mtaa wa pili nipate ushahidi wa kumpelekea bosi.

Dada wa pale akakanyaga pedali. Vuuu… kitanda kikapanda taratibu. Yeye kaketi zake, kiwiko ubavuni, bega limetulia. Wivu ukanishika. Kugeuza kichwa tu, nikaiona ile namba.

"Dada, hiki kitanda kimetoka wapi?"

"Kakileta mke wa mwenye zahanati. Huyo anakuja."

Mlango ukafunguka… Mama Pacha! Na chupa ya chai ya mumewe mkononi!

"Shoga… unafanya nini hapa?"

"Nimelalia kitanda changu! Wewe je?"

Mnajua alifanya nini? Alicheka!

"Mbona fomu ya kukipokea uliisaini mwenyewe?"

Kesho yake nikamwendea bosi, akanitolea hiyo fomu. Kitanda kimoja, kimepokelewa chumba cha ultrasound, kinatumika. Chini yake… saini yangu. Imepinda, lakini yangu!

Nikakumbuka. Miezi minane nyuma, mgonjwa kalala, mkono wa kulia uko kazini. Mama Pacha akapenyeza karatasi mlangoni.

"Weka hapo tu shoga, ni ya jeli."

Nikasaini kwa mkono wa kushoto, macho kwenye skrini. Ndivyo nilivyozisaini karatasi zake zote, mjinga mimi.

Yaani aliyeniibia ndiye aliyekuwa ananikanda! Miezi minane! Nikikumbuka yale mafuta mwili unanisisimka. Nimejisugua bafuni mpaka ngozi imechubuka, bado nasikia harufu yake. Uchafu mtupu!

Ile namba ikamuumbua. Kafukuzwa, kitanda kimerudi. Jana kanitumia meseji:

"Shoga, tusikosane kwa sababu ya kitanda."

Kitanda?! Nilimblock hapo hapo.

Bosi je? Hakuomba radhi. Kasema tu, "Ungesoma." Na yeye hajawahi kuingia chumbani kwangu hata siku moja kuangalia!

Majibu ya bega yametoka. Msuli umechanika, kupiga ultrasound basi tena. Siku hizi niko mapokezi, naandika majina ya wagonjwa kwa mkono wa kushoto.

Nafasi yangu kapewa nani? Yule yule dada wa zahanati. Sina kinyongo naye. Nilimwonesha kila kitu kinapokaa. Wakati tunaongea, mtunza stoo mpya akachungulia na karatasi.

"Dada, saini hapa, ni ya jeli."

Mkono wa yule dada ulishainuka kusaini! Nikaudaka.

"Soma kwanza," nikamwambia. "Mgonjwa atasubiri."

Na nyie mnaonisoma, msome mnachosaini.