Blanketi Juu ya Alama

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifua. Hakuna aliyemuuliza kama anapenda. Mama yake alitoka mapema kwenda kwenye cherehani yake sokoni, Bibi alikaa kwenye kiti na miguu yake iliyogoma kutembea, na nguo zilimsubiri Chiriku kwenye beseni. Jina lake lilikuwa jingine, lakini mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu akianza kuongea, wengine hawakupata nafasi hata ya kupiga chafya.

Nyumba yao ilikuwa ya kona. Dirisha la jikoni lilitazama barabara kubwa. Mlango na dirisha la sebuleni vilitazama kichochoro. Kichochoro chenyewe kilikuwa kifupi na hakikutokea popote: upande huu nyumba yao, upande ule ukuta wa ghala la magodoro, na mwisho geti la ghala. Malori yalisimama barabara kubwa, mizigo ikaingizwa kwa mkokoteni. Kwa sababu hiyo pale kwenye kona, karibu kabisa na dirisha la jikoni, palisimikwa alama ya barabarani. Ilikuwa duara jeupe lenye mkanda mwekundu. Ndani yake mlikuwa na mishale miwili mifupi myeusi inayoelekeana, mmoja kutoka kushoto na mwingine kutoka kulia, na katikati pameandikwa mita mbili. Maana yake, gari lenye upana unaozidi hapo lisiingie.

Watu wa mtaa hawakuitazama tena alama hiyo. Waliitumia. Kinyozi wa ng'ambo ya barabara alianika taulo zake pale. Muuza mkaa alitundika koti jua likipanda. Mpita njia akiona alama imevaa koti, alicheka na kuendelea na safari yake.

Siku hiyo lilibaki blanketi la Bibi. Blanketi lililolowa ni zito kama mtu aliyelala. Kulibeba hadi uani na kulirusha juu ya kamba ilikuwa kazi, na nje wenzake walikwisha kuanza kuruka kamba. Chiriku akafungua dirisha la jikoni, akalipitisha blanketi kati ya nondo kidogo kidogo, akaifunika ile alama yote. Lilikaa vizuri, kana kwamba lilishonewa pale.

"Umeanika?" Bibi aliuliza kutoka sebuleni.

"Nimeanika, Bibi."

"Uani?"

"Mahali penye jua, Bibi. Litakauka upesi."

Alikuwa ameinama kutafuta ndala zake chini ya meza aliposikia injini, karibu mno. Nyumba ikatikisika. Vikombe vikagongana kabatini. Sebule ikaingia giza kama vile mtu ameifunika kwa sufuria.

Chiriku akavuta mlango. Nje hapakuwepo. Mahali pa nje palikuwa na mbao za bodi ya lori, zimebana kwenye ngazi ya saruji, na harufu ya dizeli.

"Funga, vumbi linaingia," Bibi alisema. Kisha akatazama vizuri. "Ehee! Wametuziba kama panya."

Ilikuwa kweli. Madirisha yote yalikuwa na nondo. Uani kulikuwa na kuta ndefu zenye vipande vya chupa juu, na mlango wa kutokea nje kupitia uani haukuwepo tangu nyumba ijengwe. Waliokuwa ndani wangebaki ndani.

Chiriku akakimbilia dirisha la sebuleni. Mbele yake, karibu kuliko mtu anavyokaribia mtu mezani, alikuwa dereva. Kichwa cha lori kilikuwa chembamba kidogo kuliko bodi, kwa hiyo kati ya dirisha lake na dirisha lao ulibaki upenyo wa mkono. Alikuwa mnene, mwenye upara unaong'aa jasho, na alikuwa anasukuma mlango wake kwa bega. Mlango uligonga ukuta na kukataa.

Chiriku hakujua la kusema, akasema alilozoea. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Kuna aliyeumia huko?"

"Hapana."

"Afadhali." Dereva akasukuma mlango wa pili, ukagonga ukuta wa ghala. Akarudi kukaa. "Na dirishani tumbo hili halipiti hata nikipakwa mafuta." Akajifuta uso. "Hapakuwa na alama. Nimeangalia kona yote. Palikuwa na nguo imeanikwa tu."

Chiriku akakumbuka blanketi. Akaenda jikoni haraka. Nje watu walikuwa wanakimbilia nyuma ya lori, na macho yao yote yalikuwa kwenye lori. Akapenyeza mkono kati ya nondo, akavuta blanketi, akalisukumia ndani ya beseni. Alama ikabaki inang'aa juani.

Haukupita muda sauti ya kinyozi ikapanda juu ya zote. "We dereva! Alama hii hapa, nyekundu kama nyanya! Ulikuwa umelala?"

"Amelewa huyo," muuza mkaa alisema.

"Alama gani?" dereva aliita kutoka ndani. "Hapana alama!"

Umati ukaangua kicheko. Mtu mmoja akapiga alama kwa jiwe ili dereva aisikie, kwa vile kuiona kulimshinda. Ililia ngaa, ngaa, ngaa.

Chiriku akarudi sebuleni. Alimwona dereva akishika usukani kwa mikono miwili ingawa hapakuwa na pa kwenda.

"Mpelekee maji yule mtu," Bibi alisema. "Jua hili litamkaanga."

Chiriku akapitisha kikombe kati ya nondo. Dereva akanywa, akashukuru, akabaki amekishika.

"Mwanangu, wewe unakaa hapa. Ile alama ipo siku zote?"

"Ipo," Chiriku alisema.

Alikuwa amesema kweli, na ulikuwa uongo mkubwa kuliko wowote aliowahi kusema.

"Inua vidole," dereva alisema. "Usiniambie ni vingapi."

Akainua.

"Vitatu. Rudi nyuma. Vinne. Nenda mpaka ukutani."

"Mnacheza?" Bibi aliuliza.

"Hatuchezi, mama. Najipima macho." Dereva alipatia kila mara, na kila alipopatia uso wake ulizidi kuanguka. "Basi macho yapo. Tatizo ni kichwa. Nimeendesha tangu ujana wangu. Pembetatu yenye mkanda mwekundu inanionya. Duara lenye mkanda mwekundu linanikataza. Duara la bluu linaniamuru. Sijawahi kubishana nazo. Ni kama mtu amesimama pale mvua na jua, ananiambia neno moja tu, nami nampita bila kumsikia?"

Chiriku aligeuka aondoke dirishani. Sebule ilikuwa ya moto, mbao za lori zimeziba mlango, na dirishani alikuwapo mtu huyu tu. Angeenda wapi? Chumbani hapakuwa na dirisha. Jikoni kulikuwa na beseni.

Simu ya dereva ikalia. Alisikiliza zaidi kuliko alivyosema. "Ndiyo, bosi... Wanasema ipo... Hapana, sijanywa... Sawa, bosi." Akaiweka simu mapajani. "Anasema trafiki wakichukua leseni, nisirudi kazini."

Baadaye kidogo, kwenye dirisha la jikoni, mtu aligonga nondo. Alikuwa askari wa barabarani, mwanamke mrefu mwenye sauti iliyozoea kelele.

"Binti! Gari la kuvuta linakuja. Huku nyuma siwezi kumfikia dereva. Wewe unamfikia?"

"Ndiyo, afande."

"Mwambie akupe leseni, uniletee hapa."

Chiriku akarudi sebuleni kwa miguu mizito. Dereva alikwisha kusikia. Alikuwa ameishika leseni anaitazama picha yake.

"Hapa nilikuwa na nywele," alisema, akajaribu kutabasamu. "Shika. Mwambie sitaidai tena. Siyo kwa ajili ya bosi. Mtu asiyeona kitu chekundu mchana kweupe, kesho hatamwona mtoto."

Leseni ilikuwa na joto la mkono wake. Chiriku alivuka sebule. Kutoka dirisha lile hadi dirisha hili hapakuwa mbali, lakini alijikuta amesimama katikati.

"Nini tena?" Bibi aliuliza. "Mbona unapumua kama umefukuzwa?"

"Bibi, ni mimi," Chiriku alisema. Hakungoja Bibi aulize mimi nini. Akaingia jikoni, akaikuta sura ya askari nyuma ya nondo na mkono umenyooshwa. Hakumpa leseni. Aliiweka juu ya meza, akaliinua blanketi kutoka kwenye beseni maji yakimchuruzika hadi magotini, akalipitisha kati ya nondo, akaifunika alama yote kama asubuhi.

"Ilikuwa hivi," alisema. "Alipokuja, ilikuwa hivi. Nilianika mimi. Halafu nikaondoa asijue mtu."

Askari alilitazama blanketi, akatazama barabara kubwa lori lilikotokea, akaenda hatua chache na kugeuka kutazama kwa macho ya dereva. Aliporudi alikuwa amekunja uso.

"Ah, watoto hawa!" kinyozi alisema. "Hawana adabu hata kidogo."

Askari alilifunua blanketi, akapitisha kidole nyuma ya nguzo. "Na huu waya umefungwa na mtoto?"

Kinyozi akaanza kukagua mashine ya kunyolea aliyotoka nayo mkononi.

"Wa kuanikia taulo zake huo," muuza mkaa alisema haraka.

"Na koti lako linatundikwa wapi, mdomo mkubwa wewe?" kinyozi alimjibu.

"Kimya!" askari alisema. "Kufunika alama ni sawa na kuing'oa. Mmeifanya kamba ya nguo, halafu mnamzomea aliyeshindwa kuisoma. Kinyozi, utaukata waya huo sasa hivi mbele yangu. Na wengine mliokuwa mnacheka, kila mmoja ajitazame." Akamgeukia Chiriku. "Dereva naye nitamwambia kwamba kichochoro asichokijua angeshuka kwanza akitazame. Lakini leseni yake mrudishie."

Chiriku aliirudisha. Hiyo safari ilikuwa ngumu kuliko ile ya kwanza, kwa sababu dereva alikuwa amesikia kila neno.

"Nilikuuliza," dereva alisema. Hakupaza sauti. "Nilikuuliza uso kwa uso."

"Niliogopa, mjomba. Nisamehe."

"Nilikuwa nimeshajizika humu ndani. Mtu mzima, nikiwa hai." Akaipokea leseni, akaitia mfukoni, akapigapiga mfuko kuhakikisha imo. Machozi yalimtoka, akayafuta pamoja na jasho kana kwamba ni kitu kimoja. "Haya. Nimesamehe. Lakini usidhani haikuuma."

Gari la kuvuta lilikuja, minyororo ikafungwa, lori likaanza kurudi nyuma likilia na kukwangua. Ngazi ya saruji ilivunjika pembe. Mwanga ukaingia mlangoni ukanda mwembamba, kisha wote.

Bibi alimwita Chiriku akae mbele yake.

"Uvivu wa kubeba blanketi, huo nitaumaliza mimi na mama yako, na utatusaidia kuijenga hiyo ngazi. Sikiliza hili lingine. Ulimtazama mtu amebanwa ndani ya chuma, akaanza kujishuku akili, na dawa yake unayo wewe. Ukikosea, sema mapema. Ukichelewa, kosa lako linatafuta mtu mwingine wa kulibeba, na halichagui mbaya wala mwema. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Bibi."

"Basi nenda kamuage."

Nje, lori lilikuwa limefunguliwa minyororo na lilitakiwa kugeuzwa pale barabarani. Askari alikuwa amesimamisha magari pande zote. Dereva alikuwa juu ya kiti chake, injini inanguruma, lakini hakuondoka. Alikuwa anatazama vioo vyake vya pembeni, kushoto, kulia, tena kushoto, kama mtu anayeogopa ngazi aliyotelezea.

Akamwona Chiriku mlangoni.

"Wewe! Njoo usimame hapa na afande, juu ya njia ya miguu, nikuone kwenye kioo. Ukiona nakaribia kitu, piga kelele hapo hapo. Usingoje nikigonge."

Chiriku akaenda kusimama kando ya askari. Lori likaanza kurudi nyuma polepole. Kinyozi na muuza mkaa walikuwa pale, wenzake wa kuruka kamba walikuwa pale, mtaa wote ulikuwa unamtazama yeye aliyelificha blanketi. Nyuma ya lori, bodi ilikuwa inausogelea ukuta wa ng'ambo ya barabara.

"Mjomba, simama!" alipiga kelele kwa nguvu zake zote. "Ukuta! Simama!"

Lori likasimama pale pale.