Futikamba Haipimi Damu

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na kazi moja, kuandika vipimo. Baba yangu ni fundi cherehani. Yeye alimzungushia mteja futikamba na kutaja namba, nami nikaandika kwenye daftari. "Kifua thelathini na nane! Bega kumi na saba!" Wateja waliniita Fundi Mdogo, na kichwa kilinivimba kwelikweli.

Mdogo wangu wa miaka tisa hakuwa na kazi dukani zaidi ya kumwaga vifungo. Tulimwita Chapuchapu, maana hatulii hata akila.

Mambo yaligeuka siku Baba alipopima afya. Daktari alimwambia kolesteroli, yaani mafuta kwenye damu, imezidi.

"Fundi, unakaa kitini kutwa nzima, halafu unapenda vya kukaanga," alisema. "Mafuta hayo yanaziba mishipa, na moyo utakuja kukusumbua. Tembea kila asubuhi, kula vya kuchemsha, matunda na mboga. Urudi baada ya miezi mitatu."

Mama hakulala vizuri wiki ile. Fundi viatu, jirani yetu, alikuwa ameanguka ghafla kwa ugonjwa wa moyo, na viatu vya watu vilikuwa bado vimepangwa mlangoni pake.

Asubuhi ya kwanza Baba alituamsha tumsindikize. Mimi nilijifunika shuka gubigubi. Chapuchapu alikuwa ameshavaa raba.

Weee, nilijuta! Haikupita wiki, wawili hao wakawa na utani wao. "Baba, leo umempita yule mbwa mvivu!" Wanacheka mpaka chai inawapalia, nami sijui mbwa gani. Kisha kila Ijumaa Chapuchapu akawa anampima Baba kiuno, kwa futikamba ileile!

"Fundi Mdogo, njoo uandike," Baba aliniita.

"Aandike huyohuyo anayejua kila kitu," nilijibu, nikatoka. Wivu ulikuwa umenishika.

Nikatafuta njia yangu. Mimi ndiye niliyekuwa nikimpelekea Baba chakula cha mchana nikitoka shule. Mama aliacha maharage na mboga za kuchemsha kabla ya kwenda kazini. Mimi nikaongeza mayai yanayoogelea kwenye mafuta, na ngozi ya kuku niliyoikaanga hadi ikakauka.

Baba alifunua bakuli, akanusa, akatazama mlangoni. "Mama yako anajua?"

"Hajui."

"Basi asijue." Akanikonyeza. "Wewe ndiye unayemjua baba yako."

Maneno hayo yalinikolea. Chapuchapu na matembezi yake, mimi na kikaango changu! Tangu hapo nilikaanga kila siku.

Cha ajabu, kiuno cha Baba kilizidi kupungua. Miezi mitatu ilipotimia, futikamba ilionyesha inchi mbili chini. "Kiuno kimepungua, basi na mafuta yamekwisha," Baba alisema kwa majivuno. Nani angembishia fundi kuhusu vipimo? Hata mimi nilijituliza moyo kwa inchi hizo mbili.

Tulikwenda kliniki sote wanne. Daktari alisoma majibu, akakunja uso.

"Imepanda kuliko mwanzo, fundi."

"Haiwezekani!" Baba akasimama na kutoa futikamba mfukoni. "Daktari, kiuno kimepimwa kila Ijumaa!"

"Kutembea kumekusaidia kupunguza tumbo, hongera. Lakini futikamba haipimi damu. Mtu anaweza kupungua kiuno na mishipa ikaendelea kujaa mafuta. Unakula nini?"

Baba akaikunja futikamba taratibu. Chapuchapu ndiye aliyeangua kilio. "Ni mimi! Siku nyingine nilichoka, nikamwambia Baba turudi. Sasa Baba ataanguka kama fundi viatu!"

Nilimtazama akilia kwa kosa langu, nikajisikia vibaya mno. "Siyo yeye," nikasema. "Ni mimi. Nilimkaangia mayai na ngozi ya kuku kila siku. Nilimwonea wivu Chapuchapu. Nilitaka Baba anipende mimi."

Mama alishika kiuno. "Na wewe baba mtu ulikuwa unakula tu?"

"Nilikula," Baba alikiri, macho chini. "Kosa la mtoto ni moja, yangu ni mawili. Nilikula nikijua, kisha nikamfundisha kuficha."

Kuanzia siku iliyofuata kikaango kilitundikwa ukutani. Nilijifunza kuchoma samaki na kupika mboga kwa kijiko kimoja cha mafuta. Asubuhi tulitembea watatu, na hatimaye nikamwona yule mbwa mvivu. Kweli, hata kubweka alibweka amelala!

Miezi mitatu mingine ilipopita, daktari alitabasamu. Kolesteroli ilikuwa imeshuka vizuri, na akamsihi Baba asilegee.

Tulipofika dukani, Baba alitusimamisha mimi na Chapuchapu mbele ya kioo, akafungua daftari la vipimo.

"Nimewahi kumkatia mteja mmoja nguo kwa vipimo vya mwenzake?"

"Hapana, Baba."

"Basi na ninyi kila mmoja ana sehemu yake kwangu, na ya huyu haipunguzi ya yule. Ukiona wivu, mwanangu, niambie. Usiupike. Ukifichwa unaumiza kama yale mafuta, hakuna anayeuona mpaka uzibe njia." Akanivisha futikamba shingoni. "Haya, Fundi Mdogo, mpime mdogo wako. Sare yake imembana."

Nilimzungushia Chapuchapu futikamba, naye akacheka kwa kutekenywa. Nikataja namba kwa sauti. Safari hii Baba ndiye aliyeandika.