Sweta Iliyorudishwa

Kila Jumamosi Wachuka na mama yake walitoka Kariandusi asubuhi na mapema kwenda Nakuru kumwona Baba gerezani. Walibeba sabuni na habari za nyumbani, na Baba hakuwahi kumaliza salamu kabla ya kuuliza habari za ndama wake.

Jumamosi hiyo hakuuliza. Nyuma ya wavu alikuwa mtulivu mno. Aliwaomba msamaha kwa kila jambo, akampa askari sweta aliyofumiwa na Mama ili wairudishe nyumbani, kisha akawaambia wasijisumbue kuja tena.

Nje ya lango Mama alifuta machozi ya furaha. "Baba yako ameokoka," alisema. "Ameachana na mambo ya dunia."

Wachuka hakuitikia amina. Ilikuwa Julai, na baridi ya Nakuru haina mzaha. Mtu anayeingoja kesho hatoi sweta yake ya pekee. Shuleni mwalimu wa ushauri alikuwa amewafundisha kwamba anayegawa vitu avipendavyo na kuaga huenda amekata tamaa ya kuishi, naye asiachwe peke yake.

Wachuka alipomweleza hofu yake na kusema anarudi ndani, Mama alimshika mkono. Alimwonya kwamba mambo ya nyumba hayaanikwi langoni, na kwamba Baba angeongezewa adhabu bure. Wachuka aliogopa sana, lakini alijinasua.

"Mama, unichape tukifika nyumbani. Lakini nitasema."

Askari wa langoni alimwambia arudi wiki ijayo. Wachuka akaketi chini palepale, akakataa kuondoka mpaka Afande Makhanu, aliyeshughulikia maslahi ya wafungwa, alipoitwa. Alimweleza yote, hata habari za ndama. Makhanu hakucheka. Alienda kuketi na Baba, akamuuliza waziwazi kama alifikiria kujidhuru. Baba akalia, akakubali. Hakuadhibiwa, alipewa mshauri, na wenzake wawili wakawa karibu naye mchana na usiku.

Jumamosi iliyofuata Makhanu alizungumza na Mama. "Kumuuliza mtu kama anataka kujiumiza hakumwingizii wazo hilo kichwani. Humpa nafasi ya kutua mzigo. Kinachoua ni kunyamaza kwa sababu ya aibu, na huyu binti alikataa kunyamaza."

Mama aliinamisha kichwa, akamshika Wachuka begani.

Baba alipofika wavuni alimgeukia bintiye. "Una kichwa kigumu kama changu," alisema. Kisha akamwomba askari ampokelee ile sweta, ambayo Wachuka alikuwa amekuja nayo.

"Na yule ndama," akauliza, "ameshaanza kula nyasi?"