Namba ya Ukurasa wa Mwisho

Jumamosi hiyo duka la Jasvir, karibu na soko la Bull Ring huko ughaibuni, lilifurika. Watu walipenya kati ya magunia ya mchele na mikungu ya ndizi. Ladan, baibui lake la rangi ya zabibu likinukia udi, alikuwa akingoja bilauri zake zifungwe, mara mwanamume mrefu mwenye koti la sufu, amekumbatia magazeti, akapiga kelele mlangoni.

“Jasvir! Uko unafungia bilauri na gazeti yangu?”

“Ramazani bwana, watu hawalisomi,” alijibu Jasvir, Mhindi wa Nakuru. “Angalau bilauri hazivunjiki.”

Watu wakacheka. Ramazani naye akacheka, ila kwa mdomo tu.

“Pole,” Ladan alimwambia. “Nitalikunjua nyumbani nilisome.”

“Unajua Kifaransa, mama?”

“Hata neno. Nitaangalia picha.”

Safari hii macho nayo yakacheka.

Gazeti liliitwa Le Lendemain, yaani ‘Kesho Yake’. Lilianzishwa jikoni katika mtaa wa Nechells na Wakongomani na Warundi waliofika na mfuko mmoja wa nguo: habari za vibali vya kuishi, misiba, harusi, nani kampata nduguye aliyepotea. Zamani watu walilingoja msikitini na kanisani. Sasa waanzilishi wamezikwa au wamehama, na watoto wao ukiwasemesha Kifaransa wanakujibu Kiingereza. Ramazani, dereva wa ghala, alibaki peke yake kuliandika na kuligawa.

Wiki zilizofuata Ladan akawa anagawa naye. Mvua ikiwanyeshea, wakila sambusa moja kwa zamu, wakapendana.

“Kwani hii simu yako ni ya enzi gani?” Ladan alimtania. “Kuna kampuni inatoa mpya bure, ati ubadilishe tu namba.”

“Namba hapana, malaika.”

Namba ngeni ikiita, Ramazani aliacha hata tonge mkononi akatoka nje.

“Nani huyo?”

“Alikosea.”

Ladan akajiandikisha darasa la jioni la Kifaransa, kwa siri, apate siku moja kumsomea mpenzi wake gazeti lake mwenyewe. Jioni moja, akitoka zamu hospitalini Edgbaston, alilifungua ndani ya tramu. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na uso wa mwanamke mwenye kilemba, uliokuwapo katika kila toleo. Siku zote alidhani ni tangazo la vitambaa. Akaweka kidole chini ya maneno, akasoma kama mtoto.

Je cherche ma femme. Namtafuta mke wangu. Zainab wa Kasongo, tuliyepotezana naye vitani. Chini yake, namba ya Ramazani, aliyoijua kwa moyo.

Alimpigia hapohapo.

“Mbona hukuniambia?”

“Ningekuambia niko na bibi, ao sina? Mimi mwenyewe sijui.”

“Kumbe gazeti lote hili…”

“Kila toleo nasema ni ya mwisho. Kisha nawaza, labda hii ndo ataona.”

“Na mimi, Ramazani? Mimi ni nani?”

“Ma chérie, mpenzi, ni weye unanifanya nitake kulifunga.”

“Basi lifunge.” Akakata.

Baridi ikaingia. Ladan hakupiga, hakupokea. Usiku alimlaumu Ramazani, asubuhi akamlaumu mwanamke ambaye labda hakuwa hai, kisha akaona haya.

Alipopita tena kwa Jasvir kununua chai, magazeti yalikuwa yamerundikwa pale kaunta.

“Chukua,” alisema Jasvir. “Leo ndiyo mwisho. Amelifunga kweli.”

Ladan akaligeuza. Pale palipokuwa na uso wa Zainab palikuwa peupe. Hakuna picha, hakuna namba.

Akaitoa simu yake ampigie Ramazani. Ilikuwa imeisha chaji.

“Uncle, niazime yako, tafadhali.”

Jasvir akampa ile aliyoinunua juzi, namba yake bado ngeni kwa wateja, naye akabonyeza namba ya Ramazani bila kufikiri. Maneno alikuwa nayo tayari: nimekusamehe, niko dukani, njoo tugawe. Haikumaliza hata mlio mmoja.

“Allô? Zainab? Ni weye, Zainab?”

Sauti hiyo hakuwahi kupewa yeye. Ilikuwa sauti ya kijana, inayohema.

Ladan alifumba macho, akaibana sauti yake isijulikane.

“Samahani, baba. Nimekosea namba.”

Halafu, taratibu: “Si kitu, mama. Aksanti.”

Akarudisha simu. Jasvir, akimhudumia mteja mwingine, alikwisha kuvuta gazeti la juu na kulaza bilauri juu yake.

“Usifungie hilo, uncle.” Ladan alilichukua kwa mikono miwili, akalinyoosha mikunjo. “Chukua la Kiingereza.”