Sikutia Sabuni Kwenye Tangi la Samaki

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule mimi huwapa maji ng'ombe wa baba. Tunakaa Ibadakuli, karibu na uwanja wa ndege. Nikishamaliza, nachukua kipande changu cha sabuni ya mche, nakifunga kwenye kitambaa na kukitia kwenye begi. Nikifika shuleni nanawa miguu bombani kabla ya kengele, maana zizini kuna mavi na njiani kuna vumbi. Wenzangu wengine hunicheka, eti nanuka ng'ombe. Wacheke tu. Maziwa ya chai wanayokunywa sijui wanadhani yanatoka wapi.

Miguu ikishakuwa safi, nilikuwa nakwenda moja kwa moja kwenye chumba cha sayansi kuwasalimia Sabasaba na Nanenane. Hao ni samaki wawili wadogo, rangi yao ya chungwa, na wana mistari myeupe ubavuni. Si samaki wa ziwani kama wale wanaoletwa sokoni kutoka Nkome. Hawa ni wa baharini. Kaka George, aliyesoma shuleni kwetu na sasa anafanya kazi Tanga, aliwaleta kwa ndege pamoja na tangi la kioo, pampu na mifuko ya chumvi ya bahari. Alisema watoto wa Shinyanga nao wana haki ya kuiona bahari, hata kama ni bahari ya kukaa juu ya meza.

Mwalimu Sostenes, mwalimu wetu wa sayansi, alinichagua mimi kuwa mtunzaji na kunikabidhi ufunguo wa chumba. Siku ya wazazi ilipokaribia, aliniambia kwamba nitasimama mbele ya tangi na kuwaeleza wageni. Nilifurahi mno. Nilifanya mazoezi ya maelezo yangu zizini mpaka nadhani hata ndama waliyakariri.

Halafu viputo vikaja.

Asubuhi moja nilifungua mlango nikakuta maji yamekuwa meupe. Nilipokaribia kioo niliona kwamba weupe ule ni viputo vya hewa, vidogo kuliko punje za ulezi, vimejaa kila mahali. Sabasaba na Nanenane walikuwa wamejibanza kwenye kona, mapezi yamevikusanya viputo kama vumbi.  Nikakimbia kumwita Mwalimu.

Mwalimu Sostenes alikuja na chaki bado mkononi. Alitazama tangi, akanitazama mimi.

"Limi, jana uliosha kioo kwa kitu gani?"

"Kwa kitambaa na maji ya humo humo, Mwalimu."

Kwa bahati mbaya Evance alikuwa amesimama mlangoni. Evance ni mwenzangu wa darasa la sita, na tangu mwanzo alitaka ufunguo ule uwe wake.

"Mwalimu, ameosha kwa sabuni," alisema. "Anayo kwenye begi."

"Uliniona?" nilimgeukia.

"Fungua begi tuone!"

Mwalimu alifungua begi, akakitoa kile kitambaa. Sabuni ilikuwa bado na maji ya asubuhi. Mtu akitaka kukuona mkosaji, hata sabuni yako ya kunawia miguu inakuwa shahidi.

"Mwalimu, hiyo ni ya kunawia miguu. Sikuitia kwenye tangi."

"Povu hili limetoka wapi basi?"

"Sijui, Mwalimu. Lakini si sabuni yangu."

 Sisemi kwamba Mwalimu Sostenes ni mtu mbaya. Siku ya wazazi ilikuwa keshokutwa, Kaka George mwenyewe angekuja, na samaki walikuwa wanataabika. Alikuwa na hofu, na mtu mwenye hofu hutafuta jibu lililo karibu. Jibu lililokuwa karibu nilikuwa mimi.

"Sikiliza, Limi," alisema kwa upole. "Kesho mstarini utaomba radhi mbele ya wenzako. Ukiomba, nitakusamehe na utabaki na ufunguo wako. Usipoomba, ufunguo nitampa Evance."

Akaitia sabuni yangu mfukoni, akaenda zake.

Jioni nilimweleza baba yote, machozi ya hasira yakinitoka. Baba yangu, mzee Ngassa, alikuwa anakata kamba ya ndama. Huniita mayu, yaani mama, kwa sababu nimepewa jina la mama yake.

"Mayu, omba radhi tu, yaishe. Mwalimu ni mzazi wako."

"Baba, nikisema nimetia sabuni nitakuwa nimesema uongo."

"Ni neno moja tu, na utabaki na ufunguo."

"Ufunguo nautaka sana, baba. Lakini sitausemea uongo."

 Baba alikata kamba, akaikunja. Kisha akaniambia nikaangalie maji ya chumvi ya ng'ombe. Nadhani alitaka nipate kazi ya kufanya ili hasira zipungue.

Kwa wasiofuga, nieleze. Sisi tuna pipa lililokatwa nusu ambamo baba hutia maji na chumvi ili ng'ombe wapate kulamba. Siku hizo jua lilikuwa kali, na nilikuta maji yameshuka sana. Pembezoni mwa pipa palikuwa na mstari mweupe wa chumvi iliyokauka. Nilichota chumvi kiganjani nikataka kuiongeza pamoja na maji.

"We! Acha chumvi!" baba alipaza sauti. "Kilichokwenda na jua ni maji. Chumvi yote imebaki humo. Ongeza maji matupu, la sivyo ng'ombe wataharisha."

Nilibaki nimesimama na chumvi yangu kiganjani. Mstari mweupe kama ule nilikuwa nimeuona shuleni, kwenye kingo za tangi la samaki, na kila siku niliupangusa bila kujiuliza umetoka wapi. Tena nikakumbuka sauti. Tangi la samaki linapeleka maji kwenye tangi dogo lililofichwa kabatini chini yake, na humo pampu huyarudisha juu. Siku hizo mbili tatu pampu ilikuwa inatoa mlio wa mtu anayemalizia soda kwa mrija. Maji yanapokuwa kidogo, mrija huvuta nini? Hewa!

"Wabeja, baba!" nilimwambia. Asante hiyo ya Kisukuma ilinitoka kwa kelele mpaka ng'ombe wakashtuka.

Asubuhi mstarini Mwalimu Sostenes aliniita mbele. Mwalimu Mkuu, Mwalimu Euphrasia, alisimama kando amekunja mikono. Shule nzima ilikuwa inanitazama. Miguu yangu ilikuwa na vumbi, maana sikuwa na sabuni. Nilisema kwa sauti.

"Shikamooni, walimu."

"Marahaba."

"Mimi sitaomba radhi. Sikutia sabuni, na siwezi kuomba radhi kwa kosa ambalo sikulifanya. Ufunguo huu hapa, mkitaka mpeni Evance. Lakini kabla hamjampa, naomba mje muone kitu kwenye tangi."

Mstari mzima ulinong'ona. Uso wa Mwalimu Sostenes ulibadilika, na nilidhani atanifukuza pale pale. Mwalimu Mkuu alikunjua mikono.

"Twende tukaone," alisema. "Na wewe Evance, njoo."

Tulipofika nilizima pampu. Tulisubiri. Taratibu viputo vikapanda juu na kupotea, na maji yakawa angavu. Sabasaba akatoka kwenye kona yake.

"Ingekuwa sabuni, Mwalimu, povu lingeelea juu, na lisingeisha kwa kuzima pampu," nilisema. Kisha nikaiwasha. Viputo vikamiminika tena kutoka kwenye mdomo wa bomba.

Mwalimu Sostenes aliinama, akafungua kabati la chini. Kwenye kioo cha tangi dogo Kaka George alikuwa amechora mstari mwekundu: maji yasishuke chini ya hapa. Maji yalikuwa chini ya mstari kwa zaidi ya kiganja, na pampu ilikuwa inafyonza maji na hewa kwa pamoja.

"Nilikuwa naongeza maji ya chumvi kila yanapopungua," alisema polepole. "Chumvi ilipoisha niliacha, nikawa namsubiri George alete nyingine."

Kando ya kabati ilikuwepo ndoo ya maji ya bomba, imekaa wazi tangu juzi ili dawa iliyotiwa kwenye maji itoke. Ilikuwa inasubiri chumvi. Nilichukua kikombe.

"Limi, usithubutu!" Mwalimu alinishika mkono. "Hawa ni samaki wa bahari. Maji matupu yatawaua."

"Mwalimu, chumvi haikwenda popote. Imebaki humo, kama kwenye pipa la ng'ombe. Pima uone."

Mwalimu alitoa kipimo cha chumvi alichokiacha Kaka George. Akachota maji, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha. Alisoma mara ya kwanza, akasoma tena.

"Imezidi," alisema. "Chumvi imezidi. Ni mimi niliyeizidisha."

Aliniachia mkono. Tukaongeza maji matupu kwenye tangi la chini, kikombe kimoja kimoja, tukipumzika katikati ili samaki wasishtuke. Hatukuyamaliza siku hiyo, kwa sababu Mwalimu alisema chumvi isishushwe kwa pupa. Lakini maji yalipoifunika pampu vizuri, ule mlio ulikoma.

Vilibaki viputo vichache vilivyokuwa vinakuja na maji yanayodondoka kutoka juu. Mimi hapo akili iliniishia. Evance ndiye aliyesema, kwa sauti ndogo, "Tukiweka sponji hapa katikati, si itavizuia kabla havijafika kwenye pampu?" Tukaiweka, vikakoma. Nakubali, lilikuwa wazo zuri. Kutokumpenda mtu si sababu ya kuikataa sponji yake.

Kesho yake mstarini, wazazi wakiwa wameanza kufika, Mwalimu Sostenes alipita mbele. Baba yangu alikuwa amesimama nyuma na kofia yake mkononi. Mwalimu alitoa kitambaa changu mfukoni, akakifungua mbele ya watu wote.

"Sabuni hii ni ya Limi, ya kunawia miguu," alisema. "Nilimwita mkosaji bila kuchunguza. Kosa lilikuwa langu. Limi, nisamehe."

Evance naye alisogea. "Niliona sabuni kwenye begi," alisema akitazama chini. "Sikuona akiosha tangi. Samahani, Limi."

Mwalimu Euphrasia alitugeukia sote.

"Mmesikia? Aliyeona sabuni aseme ameona sabuni, asiongeze hapo. Tena nisikilizeni vizuri, wanangu. Limi angeweza kuomba radhi jana. Angebaki na ufunguo, sisi tungeridhika, na hakuna ambaye angefungua kabati lile. Leo samaki hawa wangekuwa wamekufa. Uongo wa kutafuta amani nao ni uongo, na kosa halisi hubaki pale pale likiendelea kuharibu. Ukiwa na hakika hukukosa, simama, sema kwa adabu, kisha tafuta ukweli uuonyeshe."

Nilipokea sabuni yangu kwa mikono miwili. Kisha nikawaomba wageni radhi, mara moja tu, wanisubiri kidogo kabla ya maelezo ya tangi. Nilikwenda bombani kunawa miguu.