Mishale ya Manjano

Msiniambie ni utani wa vijana. Rafiki yangu, mchora alama, ndiye aliyechora mishale ya manjano kuzunguka ziwa, kwa wanaotaka kutembea bila kupotea. Kanuni yake ni moja: ukisimama penye mshale, lazima uuone unaofuata.

Juzi meneja wake akamfokea: "Nani kakutuma upeleke watu ngomeni?"

Rafiki yangu akaondoka kavimba kwa hasira, akaenda kujionea. Kweli, mishale iliacha njia ya ziwa, ikapanda hadi ile ngome ya kale. Hakuichora yeye, lakini ilikuwa ya mkono wake kabisa, hata mkia uliopinda kidogo.

Ndani ya ngome giza totoro. Akasikia brashi ikisugua jiwe: shwa, shwa, shwa.

"Toka, mshenzi wewe!"

Brashi ikanyamaza. Kisha ikaanza tena, nyuma yake, kuelekea mlangoni. Akaifukuza akitukana hadi nje. Hakuna mtu. Ila mishale mipya ilishuka mjini, rangi mbichi.

Akaifuata, akiapa kumvunja mtu mkono. Mmoja ulikuwa ukutani kwa fundi viatu. Mwingine kwenye geti lake mwenyewe.

"Mbona unahema hivyo, baba?" mkewe akauliza kutoka jikoni. "Usimwamshe mtoto."

Pale getini aliuona ulio mlangoni. Mlangoni akauona wa kitandani kwa binti yao. Akasimama penye huo, akauona unaofuata: kwenye paji la uso la mtoto aliyelala, bado unachuruzika, ukielekeza ngomeni.