Huyo Mchawi ni Wangu

"Kijana, kwa pigo moja unaua wangapi?"

Hilo ndilo swali la kwanza nililoulizwa na baba mkwe wangu, Mzee Abdala. Nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kochi lake, Nachingwea mjini, kanzu ya kuazima, nimetoka Ruangwa na pikipiki na vumbi la njia nzima nimelibeba kwenye nyusi. Kwa desturi mposaji haendi, wanakwenda washenga. Mimi niliitwa. Na ukiitwa na mkwe kabla ya harusi, usidhani umeitiwa pilau.

"Inategemea, baba," nilijibu. "Kama wamesimama karibu karibu..."

Mshenga wangu, Mwalimu Gabrieli, akanikanyaga mguu.

Shangazi Hadija, dada yake Mzee Abdala, akainua simu ya mchumba wangu Mwamina, aliyompokonya siku hiyo hiyo.

"Msikilizeni wenyewe."

Akabonyeza. Sauti yangu ikajaa sebuleni, imechangamka kama ya mpiga mnada:

"Mchawi sasa kaiva! Akili tumemjaza mpaka juu, nguvu hana, uhai kiduchu, lakini Jumamosi tukiingia Mkotokuyana, hakibaki kitu!"

"Mikorosho yangu iko wapi?" shangazi akauliza.

"Mkotokuyana, wifi," mama yake Mwamina akajibu chini chini.

"Na mwaka huu imepatwa na nini?"

"Ubwiriunga."

"Maua yote meupe, kama kapita mtu na unga. Haya, mposaji. Jitetee."

"Ni mchezo, shangazi! Mchezo wa mezani. Kila mmoja anatunga mtu wake, anaandika uwezo wake kwenye karatasi. Majina ya vijiji tumeazima tu ya huku kwetu."

"Kwa hiyo kuna mtu ameandikwa kwenye karatasi."

"Mtu wa kutunga!"

Mwalimu Gabrieli akaona aniokoe. "Mzee, mimi ndiye msimulizi. Wao wanasafiri kwa maneno, mimi nawaletea mazimwi."

"Wewe ndiye unayewaleta?"

"Kwa mdomo tu, mzee."

"Na mchana unatufundishia watoto."

Badala ya kunyamaza, Mwalimu akatoa dadu mfukoni, lile la nyuso ishirini, akaliweka mezani. Mama akavuta miguu yake.

"Hiki kinawaambia nini?" mzee akauliza.

"Kinatuambia kama mtu amekufa au amepona."

Jamani. Kuna watu wamesomea kuharibu posa.

"Swali la mwisho," mzee akasema, macho kwangu. "Huyo mchawi ni nani?"

Pazia la mlango wa ndani likatikisika. Nilijua nani yuko nyuma yake.

"Ni mimi, baba," nikasema.

Nilidanganya. Mimi katika mchezo ni askari wa ngao. Kazi yangu kusimama mbele na kupigwa, kazi ambayo maisha yalinifundisha mapema, sikuhitaji semina. Mchawi alikuwa wa Mwamina.

Mwalimu ndiye aliyetuletea mchezo huo kutoka chuoni. Jumamosi tulikuwa tunakaa mezani kwake, na nikibanwa na kazi zangu za kufunga sola Ruangwa, wananiweka kwenye simu, sauti juu. Siku ya kwanza nilijitia ujuzi, nikamsaidia Mwamina kupanga pointi za mchawi wake.

"Masoudi, umemwekea nguvu za nini? Anakwenda kupakia magunia ya ufuta?"

"Angalau akipigwa..."

"Asipigwe. Weka kwenye akili, ndiyo inayofanya uchawi wake ushike. Zinazobaki tia kwenye uhai. Na moto sitaki."

"Mchawi wa vita bila moto? Si sawa na mpishi bila jiko!"

"Moto unamuunguza mmoja, wenzake wote wanakujia. Mimi naotesha miiba ardhini, wote wananasa. Wewe unawapitia mmoja mmoja, taratibu, kama anayevuna."

"Na wewe utakuwa unafanya nini?"

"Nashikilia. Uchawi wa kushikilia ni mmoja tu kwa wakati, na nikipigwa unaniponyoka. Kwa hiyo wewe kaa mbele yangu."

Nikakaa mbele yake. Mazimwi yakanasa, tukayamaliza yote, na Mwamina, fundi cherehani wa Nachingwea, akacheka mpaka sindano alizokuwa amechomeka kifuani mwa gauni zikameremeta. Nikajua nimekwisha.

Sasa pale sebuleni, ningesema nini? Mwanamume akiitwa mchawi anakosa mke. Binti akiitwa mchawi, hata kitambaa cha kushona haletewi tena.

Tukaambiwa tutoke barazani, wazee wajadiliane. Simu yangu ikatetema. Namba ya mama mkwe.

"Ni mimi. Simu ya mama. Waambie ukweli."

Nikaandika: "Kaa huko huko."

"Unakubali kunikosa kwa sababu ya mchawi wangu?"

"Nikikukosa nitalia tu. Wewe wakikuita hivyo utahama mji."

"Nani kakuomba unikinge?"

"Wewe. Ulisema nikae mbele yako."

Mwalimu Gabrieli akaniuliza kwa upole, "Nirudi ndani nikawaeleze kuhusu ngazi za uchawi?"

"Mwalimu, nakuomba kama ndugu. Usieleze kitu tena maishani."

Tukaitwa. Barua yetu ya posa ilikuwa mezani.

"Chukueni barua yenu," mzee akasema. Sauti haikuwa ya hasira, ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Nilikupenda, kijana. Lakini mwanangu simpeleki kwa mchawi."

"Na Nachingwea nisikuone," shangazi akaongeza.

Nikainama kuichukua. Pazia likafunguka.

"Baba, huyo mchawi ni wangu."

"Mwamina, rudi ndani!" Nilikuwa mimi huyo, napiga kelele kwenye nyumba ya watu.

"Sirudi. Nimemtunga mwenyewe. Masoudi hajui hata kupanga pointi, yeye kazi yake kubeba ngao."

"Unamtetea," mzee akasema.

"Namtetea vipi, baba? Muulize sasa hivi mchawi akizungukwa anafanya nini, uone kama anajua. Mimi najua! Anafunga njia kwanza, hashambulii. Anachagua uchawi unaowabana wengi, anaushikilia, anajificha nyuma ya mwenzake. Nimemjenga mwaka mzima. Hajashindwa hata..."

Hapo akaona nyuso za wazee, akaziba mdomo. Alikuwa amesema kwa fahari, na fahari ile ndiyo ikamfunga.

Shangazi Hadija alisogeza kiti chake nyuma, polepole. Mama akaanza kulia bila sauti.

"Humu ndani?" mzee akauliza. "Mwaka mzima? Chini ya bati langu?"

"Ni mchezo, baba."

"Sawa, mwanangu."

"Baba, niangalie. Ni mchezo."

"Nimesema sawa." Hakumwangalia. Akamgeukia Mwalimu. "Harusi mlisema lini?"

"Baada ya msimu wa korosho, mzee. Lakini si mmerudisha..."

"Tucheleweshe ya nini? Ijumaa hii."

Shangazi akaniwekea ile barua mkononi, kisha akakumbuka, akainyakua tena. "Mchukue. Mnafaana."

Ningefurahi. Ni nani anayekataliwa na kupewa mke ndani ya kikao kimoja? Nikamtazama Mwamina, nikaona anamtazama baba yake. Mzee alikuwa anaangalia sakafu.

Ijumaa tukaoana. Pilau lilikuwepo, vigelegele vilikuwepo vya kuhesabu kwa kidole. Wakati wa kuaga, Mwamina alimkumbatia mama yake, na mama akasimama wima kama mtu anayepimwa nguo.

"Watazoea," nilimwambia tulipofika Ruangwa.

"Wewe ungezoea?"

"Mimi nimezoea wewe."

Akanipiga na kanga. Tulicheka siku ile, na siku nyingi nyingine. Sitaki mtu adhani nyumba yetu ilikuwa ya matanga. Alifungua duka la ushonaji, wateja wakaja. Lakini kila akipiga simu nyumbani, baba yake alikuwa na jibu moja: "Sisi wazima, mwanangu. Tumekukosea nini?"

Asubuhi moja mzee akapiga mwenyewe. Mwamina akaweka sauti juu.

"Mwanangu. Mama yako anaumwa."

"Anaumwa nini?"

"Homa. Anatetemeka, jana kaanza kuongea maneno yasiyoeleweka."

"Mmempeleka hospitali?"

Tukasikia ananong'onezana na mtu pembeni.

"Baba?"

"Shangazi yako anasema hospitali haiwezi. Mwanangu, kama ni wewe... mwachie. Nipige mimi."

Mwamina akakaa chini, kwenye vipande vya vitambaa.

"Si mimi, baba. Wallahi si mimi. Mpelekeni hospitali."

"Najua si wewe, mwanangu. Najua. Lakini kama ni wewe."

"Sina uwezo wowote! Nashona nguo!"

"Tutakuletea chochote unachotaka."

Nikaichukua simu. "Baba, mimi Masoudi. Hiyo ni malaria, mkimbizeni..."

"Mkwe, mwombee kwa mkeo."

Mwamina alikuwa ananitazama. Nilikwishaliona jicho lile mezani kwa Mwalimu, akipima nini atapoteza. Nikatikisa kichwa. Akaipokea simu, na sauti iliyotoka haikuwa ya fundi cherehani.

"Baba, nisikilize. Nimemwachia."

Tulisikia mzee akivuta pumzi.

"Lakini nimemwachia kwa sharti. Afikishwe hospitali sasa hivi. Atundikiwe dripu, anywe dawa zote mpaka ziishe. Mkibakiza hata kidonge, sipo."

"Tunaondoka, mwanangu! Tunaondoka! Hadija, mbebe miguu!"

Simu ikakatika. Mwamina akajifunika uso kwa kitambaa cha mteja.

"Unajua ulichofanya?" nikauliza.

"Najua. Ningefanya nini kingine?"

Nikawasha pikipiki, tukaenda. Wodini tulimkuta mama kalala na dripu mkononi, homa inashuka. Ndugu walipomwona Mwamina walisimama wote, wakampisha njia pana mno. Alikaa kwenye benchi kando ya mama yake hadi jioni, na wakati wote huo hakuna aliyethubutu kukaa benchi lile.

Mama alipona. Malaria na dawa zake. Lakini nani wa kumweleza mzee? Ujumbe wake ulitufikia Ruangwa:

"Mama leo amekula uji. Dawa amemaliza zote kama ulivyoagiza. Ahsante sana mwanangu. Hatutakuudhi tena."

Mwamina akausoma, akanipa simu.

"Nijibu nini?"

"Andika umefurahi."

"Watasema nimefurahi kwa sababu wametii."

"Basi mwambie baba yako unampenda."

"Ataogopa."

"Usijibu, basi."

"Watasema nimekasirika."

Nikakaa na ile simu mkononi, mimi ninayejitia nina neno la kila kitu. Kioo kikazima. Nikakiwasha. Kikazima tena.